Barua ya wazi kwa wakuu wa Skauti na Girl Guides nchini Kenya: kwanza mtuletee walezi wanawake

Kwa Kamishna Mkuu wa Chama cha Skauti Kenya,
Kwa Kamishna Mkuu wa Chama cha Girl Guides Kenya,
Na kwa maafisa wa Wizara ya Elimu wanaosimamia vyama vya wanafunzi shuleni,

Salamu kutoka Kilifi.

Nawaandikia nyote kwa barua moja kwa kuwa mtoto ninayetaka kumzungumzia ni mmoja. Ni msichana wa gredi ya sita, anatamani kwenda kambini, na wala hajali kama skafu atakayofungwa shingoni ni ya skauti au ya Girl Guides. Ninyi ndio mnaojali, na mna haki ya kujali, maana kila chama kina historia yake, ada zake na beji zake. Lakini mtoto huyu akikosa pa kwenda, historia haihusiki. Shuleni kwake hakuna mwanamke wa kumpeleka.

Kila mara jambo hili linapozuka, iwe katika mkutano wa wazazi au chumba cha walimu, swali huwa lile lile: wavulana na wasichana wawe kundi moja au kila jinsia ijitenge? Watu hugawanyika haraka, sauti zinapanda, chai inapoa. Mimi nililelewa na Girl Guides, chama cha wasichana watupu, kisha nikaja kuwa mlezi wa skauti, yaani mtu mzima anayeongoza kundi, kwa hiyo nina deni kwa pande zote mbili na nimechoka kuulizwa niko wapi. Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkautafuta hadi mwisho wa barua. Kundi liwe la mchanganyiko. Ndani ya kundi, kwa watoto wa umri wa Chipukizi, ngazi ya skauti wa rika la msichana huyu, patroli, yaani vile vikundi vidogo vinavyofanya kazi pamoja, ziwe za jinsia moja. Na kundi lolote lenye msichana hata mmoja liwe na mlezi mwanamke aliyefunzwa, mwenye skafu yake na sauti yake. Hili la tatu likikosekana, hayo mawili ya kwanza ni maneno ya kwenye karatasi tu.

Naomba mjue jinsi makundi ya mchanganyiko yanavyozaliwa huku mashinani, maana sidhani ripoti zinazofika Nairobi zinaeleza. Shule ya umma ya kawaida ina mwalimu mmoja anayependa skauti, na mara nyingi ni mwanamume. Kama kuna mwalimu mwanamke aliyeanzisha Girl Guides, basi atapata uhamisho, au ataenda likizo ya uzazi, au atapewa darasa la watahiniwa na kukosa muda. Muhula huo huo Girl Guides inakufa. Wasichana wanasogea upande wa pili wa uwanja, wanasimama mwisho wa mstari wa skauti, na mwalimu wa kiume, kwa moyo mzuri kabisa, anawapokea. Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Mwisho wa mwaka kundi linaandikwa kuwa la jinsia zote, na sisi wote tunaonekana watu wa kisasa.

Sasa njooni kambini, siku ya kwanza, saa kumi alasiri, wakati wa kujenga lango. Mtaona fito zimelazwa chini, kamba za katani zimelowekwa, na patroli ya watoto wanane: wavulana watano, wasichana watatu. Hakuna aliyewagawia kazi. Robo saa haijapita, wavulana wameshika kamba na panga, wasichana wameshika fito zisianguke. Fito zikishasimama, mtu mzima fulani, pengine hata mwanamke, anawaambia mabinti waende wakaangalie sukuma wiki imefikia wapi. Jioni lango linapigwa picha, picha inaingia kwenye grupu ya WhatsApp, na sote tunasifu ushirikiano. Msichana aliyeshika fito hajui bado kufunga miti miwili ikakaza. Lakini kitabu chake kinawekwa alama kwamba amefuzu, kwa kuwa patroli yake imejenga lango.

Wachukueni wasichana wale wale muwape patroli yao wenyewe, kiongozi wao, kamba zao. Lango la kwanza litapinda. Litaanguka, watacheka hadi machozi, wafungue kila fundo na kuanza upya, na saa kumi na mbili kiza kinapoingia bado watakuwa wanavutana na kamba huku wenzao wanakunywa chai. Kamba iko mikononi mwao kwa sababu hakuna mwingine wa kuichukua. Mimi katika Girl Guides sikuwa na mvulana wa kunipigilia vigingi vya hema. Nilipigilia mwenyewe, nikajigonga kidole, nikapigilia tena. Walionilea hawakuwa wakihubiri usawa. Kazi ilikuwepo na sisi ndio tuliokuwepo.

Na patroli ya wavulana watupu? Hapo ndipo watetezi wa mchanganyiko wa kila kitu hunishangaa, maana wanadhani nataka kuwaficha wavulana. Patroli ya wavulana watupu haina wa kumsukumia sufuria. Ugali ukiungua ni wao, sahani zikilala chafu ni wao, na asubuhi ukaguzi ukifika ni wao watakaokatwa alama. Nimeona wavulana waliokuja kambini hawajawahi kukuna nazi wakirudi nyumbani na kuwaonyesha dada zao namna wali wa kuni unavyopaliwa makaa juu ya kifuniko. Mkiwachanganya patroli moja na wasichana, hawafiki hapo, kwani jiko limeshapata wenyewe.

Basi mbona nisiseme tu kila jinsia iende zake? Kwa sababu kuna mambo ambayo mvulana hawezi kuyapata akiwa na wavulana wenzake peke yao. Kwenye baraza la viongozi wa patroli, kiongozi wa wasichana anakaa sawa na viongozi wengine, anapinga, anapigiwa kura, na siku zamu yake ikifika anaamrisha gwaride la kundi zima. Mvulana wa miaka kumi na miwili anayesimama wima kwa amri ya msichana wa rika lake, na jua likaendelea kuwaka kama kawaida, amejifunza jambo ambalo hakuna somo la darasani litakalomfundisha. Halafu wakifika umri wa Mwamba na Jasiri, ngazi za skauti wakubwa zaidi, wawe huru kupanga patroli wapendavyo. Wakati huo msichana ana ujuzi wake tayari, hanyang'anywi kamba kirahisi.

Kwa hiyo utengano huu tulionao tusiuone kama amri iliyoshuka. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Miaka 2 baadaye, kwenye mkutano mkubwa wa Crystal Palace jijini London, wasichana walijitokeza na sare za kujitengenezea, wakidai kwamba nao ni skauti. Jibu la wakubwa lilikuwa kuwaundia chama chao mwaka 1910 na kumkabidhi Agnes, dada yake Baden-Powell. Wasichana wale walikuja kuomba kile kile walichopewa kaka zao. Ni wazazi na magazeti ya enzi hiyo walioona aibu. Skauti ilianza Kenya mwaka huo huo wa 1910, Girl Guides ikafuata mwaka 1920, na mpangilio wa London ukashuka bandarini pamoja na sare. (Baden-Powell na mkewe Olave, aliyekuwa Mkuu wa Girl Guides duniani, wamelala pamoja pale Nyeri. Vyama vyao vina ofisi mbili.)

Waingereza wenyewe walibadilika polepole. Chama chao cha skauti kiliwapokea wasichana wa umri mkubwa mwaka 1976, kikaruhusu makundi yanayotaka kuwapokea wa umri wote mwaka 1991, na kufikia mwaka 2007 ikawa lazima kila kundi liwapokee. Miaka 31. Girl Guides wao wamebaki wa wasichana pekee hadi leo na hawajafa njaa, jambo ambalo ningependa Kamishna wetu wa Girl Guides alikumbuke kila anapoambiwa kwamba skauti wanamwibia watoto.

Marekani nako kuna la kujifunza, chungu na tamu. Nianze na chungu, maana mara nyingi nasikia kwamba kuwatenga wavulana na wasichana ndiko kuwalinda. Chama cha skauti cha huko kilikuwa na vikosi vya wavulana watupu kwa zaidi ya miaka 100. Mwezi Februari 2020 kikaomba mahakama kinga ya kufilisika kwa sababu ya kesi za watu waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto chini ya uangalizi wake, na madai yaliyowasilishwa yakapita 82,000. Wengi wao ni wanaume ambao utotoni walikuwa wavulana kati ya wavulana, wakiongozwa na wanaume. Kutengwa hakukuwasaidia kitu. Kilichokosekana ni sheria rahisi isiyovunjwa: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, wawepo walezi wawili kila wakati, na mtoto awe na mtu wa kumwambia.

Tamu ni kwamba walipoamua kuwafungulia wasichana mlango, waliandika na sharti. Tangu mwaka 2018, shughuli yoyote yenye msichana lazima iwe na mlezi mwanamke aliyesajiliwa, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Hayupo, shughuli haipo. Mwaka 2019 wasichana wa umri mkubwa wakaanza vikosi vyao wenyewe, na Februari 2021 karibu wasichana 1,000 wakatunukiwa kwa mara ya kwanza cheo cha juu kabisa cha skauti wa huko, kiitwacho Eagle. Nawaomba mtazame mpangilio wa mambo: mlango na sharti la mlezi vilikwenda pamoja. Sisi tumeanza na watoto, mlezi tunamsubiri bado.

Kusubiri huko kuna gharama, na mnaolipa si ninyi. Kuna kambi moja, sitaitaja wala shule haitatajwa, ambako msichana mmoja alirudishwa nyumbani siku ya pili kwa kuwa tumbo lilimuuma. Mlezi wa zamu alikuwa mwanamume mwema sana. Alimtafutia bodaboda anayemwamini, akamlipia, akampigia mama yake simu mara mbili kuhakikisha amefika. Mama ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Hedhi ilimwanzia mtoto usiku, ya kwanza maishani mwake, ndani ya hema, na alikaa mpaka alfajiri juu ya blanketi lake akiogopa kuinuka. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na spiriti, plasta, bandeji na dawa ya maumivu. Sodo hazikuwemo. Na hata zingekuwemo, angemwomba nani?

Mwaka uliofuata hakuandikisha jina. Nilipokwenda nyumbani kwao kumwombea ruhusa, mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa maji, kisha akaniambia: "Mwalimu, mimi skauti sikatai. Nakataa kumlaza mtoto wangu mahali ambapo usiku hana mwanamke wa kumwamsha."

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani mnalo.

Wazazi wa Pwani husingiziwa sana katika mjadala huu. Tunaambiwa ni dini, ni mila, wamekataa maendeleo. Wengi wa wazazi Waislamu ninaozungumza nao hawapingi binti kuvaa sare. Anafunga skafu juu ya hijabu na maisha yanaendelea. Wanachouliza ni mambo ya kawaida kabisa. Je, mazoezi ya Jumamosi asubuhi yatagongana na madrasa? Hema la wasichana litakuwa wapi, na choo je? Nani atakuwa mlangoni usiku? Wengine wana jamaa Oman na huniuliza mbona kule skauti na murshidat, ndio Girl Guides wa huko, wako chini ya uongozi mmoja wa serikali lakini kila jinsia ina makundi yake. Nawajibu kwamba kule hata shule za umma nyingi ni za jinsia moja, zenye walimu wao wanawake, hivyo murshidat hawakosi wa kuwaongoza. Kila nchi inayofanikiwa, ichanganye au itenganishe, utakuta mwanamke yupo kazini. Na wazazi Wakristo wa Kaloleni na Ganze wananiuliza maswali yale yale, ila hao hakuna anayewaita wahafidhina.

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa najua jibu mnalolitayarisha: "Wanawake hawajitokezi."

Wanajitokeza. Wanaishia njiani. Mwalimu mwanamke akitaka kuwa mlezi kamili anatakiwa kuhudhuria kozi, na kozi huwekwa likizoni, kwa siku mfululizo, kambini, mara nyingi mbali na kwao. Likizo kwa mwalimu wa kike mwenye watoto ndiyo miezi ambayo watoto wote wako nyumbani. Akiwa na anayenyonya, hajui kama anaruhusiwa kuja naye, kwa sababu barua ya mwaliko haisemi, na kuuliza anaona haya. Nauli anatoa mfukoni. Sare anatoa mfukoni. Mume akiuliza ni safari ya kazi au ya nini, hana barua ya kikazi ya kumwonyesha, maana kwa Wizara ulezi wa skauti ni hiari. Mwenzake wa kiume anakabiliwa na nauli ile ile, lakini haulizwi na mtu amewaachia nani watoto.

Nilimshuhudia mwalimu mmoja, fundi wa ramani na dira kuliko sote, akifua nepi pembeni ya bomba la kambi saa tano usiku baada ya siku nzima ya mafunzo, halafu saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye mstari wa bendera. Alimaliza kozi ile. Ya ngazi iliyofuata hakwenda, na sikumlaumu. Leo wasichana wa shule yake wako chini ya mwalimu wa kiume ambaye hata dira hana, na kwenye takwimu zenu wataonekana wana mlezi.

Kozi hizi zinaweza kugawanywa. Wikendi tatu au nne ndani ya kaunti, mafunzo yale yale, hema la watoto wadogo lenye yaya anayelipwa, na barua rasmi kutoka kwa Wizara kwenda kwa mwalimu mkuu. Kambi ya skauti ya Rowallan, Nairobi, ni yetu sote na tunaipenda, ila kutoka Magarini hadi Rowallan ni safari ya siku nzima, na ukishafika bado unatakiwa uonekane huna uchovu.

Hapa namgeukia Kamishna wa Girl Guides, na naomba asinikasirikie, maana mimi ni mtoto wake. Chama chako kina hazina ambayo skauti hawana: wanawake waliokuwa viongozi wa patroli wakiwa na miaka kumi na miwili, ambao leo ni wauguzi, wanajeshi, wenye maduka, mama wa watoto watano. Wengi wamestaafu skafu kwa sababu hakuna aliyewaita tena. Ruhusu wafunzwe pamoja na walezi wa skauti. Ruhusu mlezi mmoja atambuliwe na vyama vyote viwili, ili shule yenye mwanamke mmoja tu isilazimike kuchagua chama. Wasichana wanaotaka kubaki Girl Guides wabaki. Wapo wanaoihitaji nafasi ya peke yao, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wanaotaka skauti wasitazamwe kama waasi.

Nawe Kamishna wa Skauti, chama chako kimo katika Shirika la Skauti Duniani tangu mwaka 1964, na shirika hilo lina sera ya kuwalinda watoto ambayo walezi wengi wa vijijini hatujawahi kupewa nakala yake kwa lugha tunayoisoma kwa raha. Itafsirini kwa Kiswahili na kila shule ipate nakala. Kisha acheni kuhesabu mwanamke yeyote aliyekuwepo kambini kama mlezi. Mpishi si mlezi, hata awe na huruma kiasi gani. Mwalimu aliyeazimwa asubuhi ya safari ili orodha itimie, asiyejua majina ya watoto, naye si mlezi. Mtoto hawezi kumnong'oneza jambo zito mtu aliyemwona mara ya kwanza ndani ya basi.

Kwa Wizara nina neno moja la fedha na moja la muda. La fedha: kambi ya watoto wa shule ihesabiwe kama shughuli ya shule, ili mwalimu mkuu aweze kutoa pesa za vyoo viwili vya kambi, hema la pili na sodo za akiba bila kuogopa mkaguzi. La muda: saa za mlezi wa skauti au Girl Guides ziingie kwenye hesabu ya kazi ya mwalimu, na mwalimu huyo akumbukwe wakati wa kupandisha vyeo. Walezi wa kandanda na muziki huonekana siku ya mashindano, kombe likirudi. Wetu hawana kombe.

Wapo watakaosema nikidai mlezi mwanamke kwa kila kundi lenye wasichana, makundi mengi yatafungwa na wasichana ndio watakaoumia. Nimeliwaza hilo kuliko jambo lolote katika barua hii. Ndiyo maana siombi lianze kesho. Toeni mwaka mmoja wa maandalizi. Katika mwaka huo mikutano ya kila wiki shuleni iendelee kama kawaida, mchana, mbele ya macho ya watu. Lakini kulala nje kusubiri. Usiku mmoja wa kambi bila mwanamke mwenye dhamana ni mwingi mno, na msichana aliyekosa kambi mwaka huu kwa sababu tunamtafutia mlezi atarudi. Yule aliyekaa juu ya blanketi hadi alfajiri hakurudi.

Mwanzoni mwa mwaka tunajaza fomu za kusajili makundi. Kila fomu ina nafasi ya jina la shule, idadi ya wavulana, idadi ya wasichana na jina la kiongozi wa kundi. Ongezeni mstari mmoja chini ya idadi ya wasichana: jina la mlezi mwanamke, kozi aliyohudhuria, namba yake ya simu. Na afisa wa kaunti aipige namba hiyo kabla ya kugonga muhuri.

Wenu katika huduma,
Mlezi wa skauti, Kaunti ya Kilifi